Tulivyomwachisha Festo Ziwa

Sisi tuliosoma enzi za kwenda shule na fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, likizo kwetu ilikuwa na maana moja tu: kwa bibi. Hakuna aliyetuuliza tunataka kwenda wapi. Shule ikifungwa Ijumaa, Jumamosi asubuhi mama ameshafunga mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa sukari, sabuni ya mche, chumvi, na nguo zetu zimesokomezwa ndani ya foronya. Tulikuwa tunakaa Majengo, hapa hapa Songea, baba akishona nguo kwenye baraza ya duka la watu. Bibi mzaa mama alikuwa kijijini, mbele ya Namtumbo, huko kwenye tumbaku na mahindi.

Mwaka huu mwezi wa sita nilimpeleka mwanangu Pendo kijiji kile kile. Ndiye kitinda mimba wangu, ana miaka miwili kasoro, na tulikwenda kupumzika siku nne, mimi, yeye na baba yake. Nicheke kwanza kabla sijafika kwenye yasiyochekesha. Mume wangu alipakia garini mifuko minne ya mtoto mmoja. Nepi za kutosha kijiji kizima, maziwa ya kopo, katoni mbili za maji, dawa ya mbu ya kupaka na nyingine ya kupuliza, poti la plastiki lenye masikio ya sungura, na simu ya ziada yenye katuni, eti mtoto asichoke njiani. Njia yenyewe siku hizi ni lami, mtu hujamaliza kula karanga umefika.

Na hawa wazazi wa siku hizi, nikiwemo mimi niliyezeeka nikajiunga nao, tuna ugonjwa wa kuwauliza watoto maoni. "Mwanangu, unaonaje tukioga sasa?" Mtoto hata kufunga kitufe hajui, anaulizwa kama mjumbe wa kikao. Mama yangu, ambaye sasa tunakaa naye nyumbani kwetu Msamala, akisikia hivyo hunyanyuka akaenda kukaa nje. Enzi zetu mtoto alikuwa anabebwa, analazwa, anaogeshwa, anapelekwa. Habari alizipata akishafika.

Mdogo wangu Festo alipokwenda kwa bibi akiwa na umri huu wa Pendo, mzigo wake ulikuwa kikombe cha bati na kanga mbili. Kanga moja ilikuwa ya mama, haijafuliwa, nayo ilikuwa na kazi yake maalumu.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa likizo ya Juni, na aliyewahi kukaa kwetu anajua Juni ya Songea ilivyo, asubuhi unatoa moshi mdomoni na vidole havishiki kalamu. Kijijini tulikuwa tunaota moto kwenye bani, kibanda kile cha kukaushia tumbaku kwa moshi. Harufu ile ilikuwa inaingia kwenye nywele, kwenye blanketi, hata kwenye ugali. Nikiisikia leo mahali popote machozi yananilenga, na si kwa sababu ya moshi. Tulikuwa tunakula viazi vilivyochimbiwa majivuni, msusa, yaani majani ya maboga, ulioungwa karanga, na dagaa wa Nyasa siku ambayo mchuuzi amepita. Mahindi yakishavunwa, mabua ni yetu. Tulitengeneza magari ya mabua yenye matairi manne na usukani, tukayaendesha mpaka kisimani na kurudi. Jioni tulicheza kombolela mpaka bibi aite mara ya tatu. Mara ya kwanza na ya pili hatukuwa tunazihesabu.

Safari ile tulikwenda wote, baba, mama, mimi na Festo. Nilidhani ni bahati, maana baba hakuwa mtu wa kuacha cherehani. Kumbe tulikuwa tumempeleka Festo aachishwe ziwa.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa inafanyika, na wenzangu wa rika langu watakumbuka. Mtoto akifikia umri anapelekwa kwa bibi yake, mama anaondoka, mtoto anabaki mpaka asahau. Analala na kanga ya mama yenye harufu yake, na siku harufu inapokwisha na ziwa limekwisha. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, mtoto asimwone mama yake akiondoka, maana akimwona mgongo atashikwa na homa. La pili, mama asije kumtazama upesi, maana ziwa litarudi.

Asubuhi ya siku ya nne mama aliniita nyuma ya jiko. Kifua chake alikuwa ameshakifunga kwa kitambaa. Akaniambia, "Mchukue mwenzio mwende mtoni mkale mapera. Usirudi mpaka jua liwe utosini." Hakunitazama usoni. Sikuuliza kitu, tulikuwa hatuulizi, lakini nilielewa. Mtoto wa miaka tisa anaelewa sana.

Nilimfunga Festo mgongoni. Alikuwa na tabia ya kunipigapiga begani kwa kiganja tukienda, kama mtu anayempa moyo punda. Mtoni nilimchagulia mapera laini, nikamtolea mbegu. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, juisi inamchuruzika tumboni, ana furaha isiyo na mfano, nilipolisikia lori la tumbaku likibadilisha gia mlimani. Festo akaacha kutafuna. Akanyoosha kidole, akasema, "Gari."

Nikamwambia, "Ndiyo, gari."

Tuliporudi alizunguka nyumba. Alitazama nyuma ya mlango, akaingia jikoni, akaenda ghalani, akaenda kwenye bani akachungulia humo kwenye moshi mpaka akakohoa. Alipomaliza kila mahali alikuja kwangu. Hakwenda kwa bibi, alikuja kwangu mimi, akaishika sketi yangu, akaniinulia uso. Nikamwambia mama kaenda kuteka maji. Akaenda kukaa kwenye njia ya kisimani. Alikaa pale mpaka jua likazama na bibi akaenda kumbeba.

Usiku huo bibi alichinja kuku, na firigisi akanipa mimi. Aliyekulia kwetu anajua firigisi ni ya nani. Ni ya baba mwenye nyumba, au ya mgeni wa heshima, si ya kitoto cha kike cha darasa la tatu. Bibi akasema nina akili ya mtu mzima. Niliila kwa maringo, na sitaki kudanganya, ilikuwa tamu.

Mwezi mmoja uliokusudiwa ulipita. Mama akashika mimba nyingine, ikamsumbua, ikaharibika. Kisha baba akaugua mgongo, cherehani ikakaa kimya karibu mwaka. Kila mara ilionekana si wakati mzuri wa kumrudisha. Mimi niliendelea kwenda kila likizo, nikipandishwa lori na mtu tunayemfahamu, na kila nikifika namkuta Festo ameongezeka urefu na anazidi kuongea Kingoni cha bibi kuliko Kiswahili. Mama alipokuja kumwona, zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Festo alitoka nyuma ya bibi, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mgeni." Watu wakacheka. Mama naye alicheka, halafu akaenda chooni akakaa muda mrefu.

Basi alikaa kwa bibi miaka mitano na zaidi. Tulimchukua alipotimiza umri wa kuanza shule, na hiyo siku ya kumchukua ndiyo hadithi ambayo nimeisimulia kwenye kila sherehe ya familia. Watu huniomba: dada, tupe ile ya Festo. Tulimwambia anakwenda Namtumbo kuona magari. Tukamvika raba mpya, akatembea ananyanyua miguu juu kama jogoo kwenye matope. Namtumbo tukapita tu. Songea alikula maandazi saba akatapika. Jioni taa ya umeme ilipowashwa alipanda kiti akaipuliza izimike. Hapo ndipo ukumbi wote hucheka, na Festo akiwepo hucheka pia. Na siku zote mimi humalizia kwa kusema kwamba hakulia, hata tone. Wazee walimsifu sana. Walisema mtoto amekomaa.

Mwaka ule hatukwenda likizo kijijini, wazazi walisema asije akakumbuka huko akagoma shule. Bibi alifariki kabla mwaka haujaisha. Baba na mama walikwenda kuzika, sisi tukaachwa kwa jirani ili masomo yasiharibike. Festo alipomaliza darasa la saba alifunga begi lake, akasema anakwenda kulima. Yuko huko mpaka leo, kwenye boma la bibi, na tumbaku yake, na mkewe Salome, na watoto watatu. Ni mtu mpole, anacheka haraka, haombi kitu kwa mtu yeyote. Mama yetu humwamkia kama wakwe wanavyoamkiwa.

Sasa huyu Pendo bado ananyonya. Tulipokuwa tunapakia ile mifuko minne mwaka huu, mama alikuja kusimama karibu na gari akasema, "Mwacheni huko mwezi mmoja kwa mjomba wake. Ataacha. Si ndivyo tulivyofanya kwa Festo?" Nilifunga mlango wa gari kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nakwenda kumwomba Festo msamaha kwa siku ile ya mapera, kwa sababu tangu nimpate Pendo, kila akinishika nguo na kuniinulia uso, naona uso mwingine. Nimelea watoto wawili kabla yake sikuyaona haya. Labda nilikuwa na haraka. Labda umri.

Tulifika, na siku ya kwanza ikapita katika salamu. Ya pili nikasema kesho. Pendo alikuwa hana habari na mimi. Festo alimpandisha mabegani akaenda naye kila mahali, akamtengenezea gari la mabua lenye usukani, na ile simu ya katuni ikaishiwa chaji bila mtu kuiulizia. Poti la sungura kuku walilitagia. Mtoto alilala ananuka moshi, na mimi nilikuwa naweka pua kwenye nywele zake.

Siku ya tatu mchana nilimfuata Festo kwenye bani. Alikuwa anapunguza moto, Pendo amelala pembeni juu ya kanga. Nikasema, "Festo, kuna jambo nataka nikuombe msamaha."

"Mimi? La nini tena, dada?"

Nikamweleza. Nilimweleza mapera, lori, njia ya kisimani, mpaka firigisi. Alisikiliza akisogeza kuni, na nilipomaliza akacheka kidogo, kile kicheko chake cha haraka.

"Dada, umeyabeba hayo miaka yote? Mimi sikumbuki hata kidogo. Nilikuwa kama huyu." Akamwonyesha Pendo kwa kidevu. "Mimi nilipopata akili nilimkuta bibi. Mama yangu alikuwa bibi, sikuwa na shida ya mama."

Siwezi kueleza nilivyojisikia mwepesi. Miaka zaidi ya thelathini, kumbe hakuna aliyekuwa ananidai! Nilitaka kucheka, nilitaka kumwamsha Pendo nimrushe juu. Nilikuwa nimeshanyanyuka ninajikung'uta sketi.

Festo akasema, "Ninayoikumbuka ni ile nyingine."

"Ipi?"

"Mliponichukua."

Nikakaa tena.

"Ilikuwa Jumapili," akasema. Alikuwa anautazama moto. "Bibi hakwenda kanisani. Alichukua jembe. Wewe unamjua bibi, lini alishika jembe Jumapili? Nikamwuliza, bibi, unakwenda wapi? Akasema anachimba muhogo kidogo tu, anarudi, niwe mtoto mzuri. Na mimi nikakaa nikavalishwa raba. Niliporudi huku mkubwa, jirani aliyekuwa na shamba pembeni ndiye aliyenieleza. Bibi aliambiwa atoke nyumbani ili nisimng'ang'anie. Alikaa chini kule shambani mpaka akasikia gari limepita. Hata shina moja la muhogo hakung'oa."

"Lakini Festo, mbona hukulia?"

"Ningelia kwa nini? Nilikuwa nakwenda kuona magari. Nilijua nikishayaona tunarudi." Akasukuma kuni moja ndani. "Nilikaa Majengo nasubiri turudi. Nilikuwa nasubiri mpaka siku mliposema bibi amezikwa."

"Ungesema, mdogo wangu. Ungetuambia."

"Ningemwambia nani, dada? Mlikuwa mnacheka."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote nimeyapanga, na yalikuwa ya kosa jingine. Nilisema nisamehe, nikalisikia lilivyo dogo. Festo akasema mimi nilikuwa mtoto, yaliyofanyika yalifanywa na wakubwa, na kwamba kuna ubaridi, nimfunike Pendo. Akatoka kwenda kutafuta kuni, wakati kuni zilikuwepo.

Ninaweza kusema hapa kwamba nilikuwa na miaka kumi na minne siku ile ya raba, si tisa. Nilikuwa nasoma. Nilimwona bibi akitoka na jembe begani, nikaona ni Jumapili, nikaona amejifunika kanga usoni kama mtu anayeumwa jino. Niliyaona yote hayo na sikuyatilia maanani. Na kwa miaka yote hii nimekuwa nikisimama ukumbini kuwachekesha watu.

Tuliondoka asubuhi ya siku ya nne, mapema, mume wangu alikuwa na kazi mchana. Pendo alikuwa bado amelala begani kwake. Mume wangu akaninong'oneza, "Twende hivi hivi, akiamka tutakuwa tumeshafika mbali. Hatasumbua." Salome akakubaliana naye, akasema mtoto akiwa amelala ndiyo safari nzuri. Hata mimi mguu mmoja ulikuwa ndani ya gari.

Festo akasema, "Mwamsheni."

Mume wangu hakuelewa. "Atalia, shemeji."

"Basi alie."

Akamchukua yeye mwenyewe, akampuliza usoni taratibu mpaka akafumbua macho. Alimsimamisha chini, akachuchumaa wakatazamana, akamwambia polepole, "Pendo. Wewe unakwenda na mama. Mimi nabaki hapa. Mjomba anabaki." Alirudia mara mbili, akimwonyesha gari, halafu akijionyesha kifuani. Pendo alilitazama gari, akamtazama mjomba wake, na alipoelewa alilia kilio kilichowatoa majirani nje. Alimshika ukosi wa shati. Ilibidi tumfungue vidole kimoja kimoja. Festo hakumsihi anyamaze. Alisimama katikati ya barabara, shati limevutwa upande, anapunga mkono, na nilipogeuka kutazama nyuma bado alikuwa anapunga, na uso wake wote ulikuwa umelowa.

Pendo alilia hadi tulipoingia kwenye lami. Baba yake alikuwa anauma meno, anasema si bora tungemsikiliza yeye. Nilimpakata mtoto wangu akalia atakavyo.

Nazipenda enzi zetu, na nitazisifia mpaka nizikwe. Tulikuwa na adabu, tulikula tulichopewa, tulijua kufagia uwanja kabla ya jua. Watoto wetu wanaulizwa kama wanataka kuoga. Lakini hao wanaoulizwa, angalau wanajua ni lini mtu anawaaga. Sisi tulisifiwa kwa kutolia, na hakuna aliyekuja kutuuliza tulikuwa tunasubiri nini.

Tulipofika Msamala mama alikuwa barazani anachambua mchele. Ana miaka mingi sasa, macho yamepungua, anachambua kwa vidole zaidi kuliko kwa kuona. Aliuliza kama Pendo alilia tulipoondoka. Nikamwambia alilia sana. Akatikisa kichwa, akasema basi mlikosea mahali, hamkujua kuondoka. Kisha akauliza, na mkono ukasimama juu ya ungo, "Na Festo? Hakusema kitu?"

Nikamtazama. Aliyekwenda shambani Jumapili ile alikuwa mama yake mzazi, na aliyemwambia atoke nyumbani, sina shaka, ni yeye. Vijana wa siku hizi wangekaa chini wakamweleza mama yao kila kitu, wakalia pamoja, wakamaliza. Mimi ni mtu wa enzi zetu. Nilimjibu kwamba Festo hajambo, anamsalimu sana, na ametuma debe la karanga.